Namna ya kumfuatilia mkimbiaji wa besiboli anapopanda na kushuka kati ya ligi ndogo na Ligi Kuu ya Marekani, ukiwa Mwanza

Mpenzi wa michezo wa hapa Mwanza anayeanza kufuatilia besiboli ya Marekani hukwama mapema katika jambo moja: mchezaji aliyemwona wiki hii akiiba vituo viwili katika Ligi Kuu (yaani kukimbilia kituo kinachofuata uwanjani bila kungoja mpira upigwe) hayumo kabisa kikosini wiki inayofuata, hakuumia, hakufungiwa, na baada ya siku chache zaidi anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kumfuata mchezaji wa aina moja tu, mwenye kipaji kikubwa cha mbio, kwa kuwa ndiye anayepandishwa na kushushwa kwa urahisi, na nionavyo mimi ndiye anayehukumiwa isivyo haki kuliko wote.

Kwanza weka kando namna ligi zetu zinavyopandisha na kushusha. Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2024, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20, klabu nzima ilipanda, pamoja na jezi yake na mashabiki wake wa Kirumba. Katika besiboli ya Marekani klabu haipandi wala haishuki. Klabu 30 za Ligi Kuu hubaki palepale hata zikishika mkia, na chini ya kila moja zipo timu nne za kulea wachezaji, katika ngazi ziitwazo, kutoka juu kwenda chini, Triple-A, Double-A, High-A na Single-A. Mchezaji wa Triple-A ana mkataba na klabu ya juu, si na timu anayoichezea, kwa hiyo klabu inaweza kumpigia simu usiku na kumtaka awe uwanjani mjini kwake kesho yake. Anayepanda na kushuka ni mtu mmoja mmoja.

Ukishalielewa hilo, chagua mchezaji wako na utafute majina mawili: klabu yake ya Ligi Kuu na timu ya Triple-A iliyo chini yake. Anayeifuata Kansas City Royals, kwa mfano, lazima aijue pia Omaha Storm Chasers. Anayeifuata Cincinnati Reds aijue Louisville Bats. Usipofanya hivyo, kila anaposhushwa utakuwa umempoteza.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kusoma orodha. Kila klabu ina orodha mbili zinazohusu Ligi Kuu. Ya kwanza ni ya wachezaji 26 wanaoruhusiwa kucheza siku hiyo. Ya pili ni ya wachezaji 40, ambamo wamo wale 26 pamoja na wengine ambao klabu imewawekea ulinzi ili klabu nyingine zisiwachukue. Mchezaji aliyemo katika orodha ya 40 anaweza kushushwa ligi ndogo bila kuuliza mtu, lakini haki hiyo ina kikomo: klabu inayo kwa misimu mitatu tu, na msimu huhesabiwa kuwa umetumika mchezaji akikaa chini kwa siku 20 au zaidi katika mwaka huo. Tangu 2022 kuna kikomo kingine, kwamba ndani ya msimu mmoja hawezi kushushwa kwa njia hii zaidi ya mara tano. Akishashushwa, mchezaji asiye mrushaji, yaani asiyemrushia mpigaji mpira, hukaa chini angalau siku 10 kabla ya kurudishwa, isipokuwa anaitwa kuziba pengo la aliyeumia.

Kwa hiyo, kabla hujahuzunika kuwa mchezaji wako ameshushwa, tafuta idadi ya misimu ya kushushwa iliyobaki kwake. Kama anayo bado, huenda ameshushwa kwa sababu tu yeye ndiye anayeshushika. Mwenzake mwenye kiwango cha chini kuliko yeye, lakini ambaye misimu yake mitatu imekwisha, hawezi kupelekwa chini bila kwanza kuwekwa wazi ili klabu nyingine zimchukue zikitaka, na klabu huogopa kumpoteza. Wachezaji wengi wenye mbio wamelala Omaha au Louisville kwa sababu ya hesabu hii, wala si kwa sababu walicheza vibaya. Kinyume chake, misimu ikiisha, kushushwa hugeuka kuwa jambo zito: klabu humwondoa katika orodha ya 40, kisha ina siku 7 za kumuuza, kumwacha, au kumpitisha mbele ya klabu nyingine ili, asipochukuliwa, apelekwe chini. Ukiona taarifa ya namna hiyo, fuatilia kila siku, maana jibu hupatikana ndani ya wiki hiyo hiyo.

Yapo pia masuala ya fedha, ambayo shabiki anapaswa kuyajua ili aone kinachomuuma mchezaji. Mwaka 2025 mshahara wa chini wa Ligi Kuu ulikuwa dola 760,000 kwa msimu, na hulipwa kwa siku alizokuwapo. Katika Triple-A, mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, uliofikiwa mwaka 2023, uliweka kiwango cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka. Siku 172 juu huhesabiwa kuwa mwaka mmoja kamili wa utumishi, na miaka hiyo ndiyo humfungulia mchezaji milango ya kudai mshahara mkubwa zaidi. Kila siku anayokaa chini anaipoteza mara mbili.

Sasa tuje kwenye mbio zenyewe. Kati ya kituo na kituo kuna futi 90, yaani mita 27.43. Mkimbiaji aliye kituo cha kwanza husogea mbele mita tatu au nne kabla mpira haujarushwa, kisha mrushaji anapoanza kuinua mguu, yeye hukurupuka kuelekea kituo cha pili. Mrushaji huchukua takriban sekunde 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, na mdakaji mzuri huchukua takriban sekunde 2 kuudaka, kusimama na kuufikisha kituo cha pili. Jumla ni sekunde 3.3 hivi, na ndani ya muda huo mkimbiaji lazima awe amekwisha kuteleza na kugusa kituo. Mwalimu wa michezo mwenye uwanja wa shule, iwe Ilemela au Nyamagana, anaweza kuwapa wanafunzi ladha ya jambo hili kwa utepe wa kupimia na saa ya simu: apime mita 24, amsimamishe mwanafunzi kiupande na si kama mwanariadha anayeanza mbio, apige kofi, kisha aangalie sekunde. Vijana wengi wenye mbio kali za winga watashangaa, kwa kuwa hatua tatu za mwanzo ndizo zinazoamua, na wakimbiaji wa mpira wa miguu huwa wamezoea kuanza wakiwa tayari wanatembea.

Kasi hupimwa kwa kamera katika viwanja vyote vya Ligi Kuu, na takwimu zake huwekwa wazi katika tovuti ya Baseball Savant. Wastani wa wachezaji wote ni futi 27 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya mita 8. Anayefika futi 30 yumo katika kundi dogo la wenye kasi ya pekee. Andika takwimu ya mchezaji wako, kisha uiweke pembeni, kwa sababu haitoshi kukuambia kama atabaki juu.

Kinachotosha ni kiwango chake cha kufika kituoni, yaani ni mara ngapi, kati ya zamu zake zote za kupiga, anafika kituo cha kwanza, ama kwa mpigo salama, ama kwa kupewa baada ya mirusho minne mibaya, ama kwa kugongwa na mpira. Wastani wa ligi huzunguka 0.320. Mwenye mbio asiyefika kituo cha kwanza hana kituo cha kuiba. Mfano mzuri ni Billy Hamilton. Mwaka 2012, akiwa High-A na Double-A, aliiba vituo 155 na kuvunja rekodi ya ligi ndogo ya 145 iliyowekwa na Vince Coleman mwaka 1983. Alipandishwa na Reds Septemba 2013 na kuiba 13 katika mechi 13. Kuanzia 2014 hadi 2017 aliiba 56, 57, 58 na 59, mwaka hadi mwaka, huku akilinda eneo la katikati la nyuma ya uwanja kwa ustadi mkubwa; lakini kiwango chake cha kufika kituoni kilikaa mara nyingi chini ya 0.300, na mwishoni mwa 2018 Reds walimwachia. Tangu hapo alihama klabu hadi klabu na kuonja tena ligi ndogo.

Kuna pia anayeitwa juu bila kutarajiwa apige kabisa. Huyu ni mkimbiaji wa akiba, anayeingizwa awamu za mwisho badala ya mwenzake mzito aliyefika kituoni. Terrance Gore ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa maisha. Alipanda na Royals mwishoni mwa Agosti 2014, akaiba vituo katika mechi za mtoano za Oktoba zenye presha, na mpigo wake wa kwanza salama katika Ligi Kuu haukuja hadi Septemba 2018 akiwa Chicago Cubs. Hesabu yake yote ya Ligi Kuu, bila mechi za mtoano, ni vituo 43 vya kuiba na mipigo 16. Kumwona mtu huyo kuwa si mchezaji kamili ni kutoelewa kazi aliyoitiwa.

Mchezaji wa namna hiyo ana kalenda yake, na wewe uifuate. Zamani klabu ziliruhusiwa kuita Septemba wachezaji wote 40, hivyo kumchukua mtu wa kukimbia tu hakukugharimu chochote. Tangu kanuni ilipobadilishwa, orodha ya Septemba huongezeka kutoka 26 hadi 28 tu, na nafasi yake imekuwa finyu. Tarehe nyingine ya kuitia alama ni Agosti 31, kwa kuwa kwa kawaida mchezaji anapaswa awe ndani ya klabu, hata kama yuko Triple-A, kufikia siku hiyo ili aruhusiwe kucheza mechi za mtoano. Ukiona klabu yenye nafasi ya kwenda mbali inasajili mkimbiaji wa ligi ndogo mwishoni mwa Agosti, elewa inamtakia nini.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamempa nguvu mwenye mbio. Mwaka 2023 vituo vilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kujaribu mara mbili kumzuia mkimbiaji kwa kila mpigaji. Akijaribu mara ya tatu asimtoe, mkimbiaji anasogea bure. Vituo vilivyoibwa katika Ligi Kuu viliongezeka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Kanuni hizo zilijaribiwa kwanza katika ligi ndogo, hivyo anayefuatilia Triple-A huona mapema mchezo unakoelekea. Jambo la pili ni mechi zinazokwenda muda wa ziada, ambazo katika msimu wa kawaida sasa huanza kila awamu na mkimbiaji aliyewekwa kituo cha pili.

Hata hivyo usidhani wizi wa vituo peke yake unatosha kumbakiza mtu juu. Esteury Ruiz aliiba 67 kwa Oakland mwaka 2023, na mwaka uliofuata alijikuta tena Triple-A, mjini Las Vegas.

Kuhusu saa za kutazama, msimu unapochezwa Mwanza iko mbele ya New York kwa saa 7, Chicago saa 8 na Los Angeles saa 10. Mechi ya New York ya saa 1:05 jioni kwao ni saa 8:05 usiku kwetu. Ya Los Angeles ya saa 1:10 jioni ni saa 11:10 alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wanarudi Mwaloni. Zinazofaa zaidi ni za mchana: inayoanza saa 7:10 mchana New York hukufikia saa 2:10 usiku, baada ya chakula. Usitegemee mabanda ya kuonyesha mpira. Programu ya Ligi Kuu yenyewe hutoa bure maelezo ya kila mrusho kwa maandishi na michoro, na inakula kifurushi kidogo kuliko video. Timu za Triple-A hucheza kwa kawaida Jumanne hadi Jumapili dhidi ya mpinzani mmoja na kupumzika Jumatatu, na siku hiyo ya mapumziko inakufaa kukagua taarifa za uhamisho za wiki nzima.

Kwa subira inayohitajika, soma habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi zote moja baada ya nyingine, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza Ligi Kuu, akapata mpigo salama katika zamu yake ya kwanza. Mwaka huo huo alirudishwa chini. Ng'ambo ya ziwa letu, vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto nchini Marekani mwaka 2012, kwa hiyo majina ya kufuatilia hayatatoka mbali siku zote.

Msimu ukiisha, usiache kukagua. Novemba klabu huamua nani wa kuongezwa katika orodha ya 40 na nani aondolewe, na wachezaji waliokaa ligi ndogo kwa misimu mingi bila kuwekwa katika orodha hiyo huwa huru siku chache baada ya fainali. Ikiwa mchezaji wako yumo kati ya hao walio huru, anza upya na majina mawili: klabu yake mpya, na timu ya Triple-A iliyo chini yake.