Jinsi ya kudhibiti wageni kwenye jengo la ofisi bila gharama kubwa

Nasimamia majengo ya ofisi hapa Dodoma, yale ya ghorofa tatu nne yenye wapangaji wa kila aina: wakili, duka la dawa, asasi, wapima ardhi. Tangu Serikali ihamie huku, watu wanaopita milangoni wameongezeka sana, na wamiliki wengi wanakimbilia kununua kamera. Kamera ina kazi yake, ila mara nyingi inakuonyesha mwizi akiwa ameshaondoka. Kinachomzuia mapema ni utaratibu mmoja tu: mtu asipande ngazi mpaka aliye ndani akubali kumpokea. Hatua zote hapa chini zinalinda hilo.

Hatua ya 1: Wageni wapite mlango mmoja

Lizunguke jengo lako asubuhi, kisha urudie jioni. Kagua mlango wa nyuma, geti la magari na fremu za chini. Fremu ndizo husahaulika: mteja anaingia dukani kutoka barabarani, anatokea mlango wa ndani, tayari yuko kwenye korido ya ofisi. Mlango huo mwenye duka aufunge muda wote wa biashara.

Milango ya dharura iwekee komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Usiipige kufuli watu wakiwa ndani, hata kama umeibiwa jana.

Hatua ya 2: Daftari

Kaunta buku moja inatosha. Chora safu za tarehe, jina, simu, anayemfuata, saa ya kuingia, namba ya kadi na saa ya kutoka. Safu ya "madhumuni" iache, kwa sababu kila mtu huandika "binafsi" au "kikazi" na hujui chochote zaidi.

Mlinzi aandike mwenyewe, na daftari likae upande wake. Likiachwa wazi mezani, kila anayeingia anasoma namba za simu za waliomtangulia, na anajua nani kaenda kwa wakili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu na uzitunze kwa usalama. Kitambulisho cha mgeni kiangaliwe, jina lilinganishwe, kirudishwe palepale. Sipendi kabisa mtindo wa kuvirundika kwenye droo. Kikipotea, mwenzio ataanza kuhangaikia kingine kwa sababu yako.

Hatua ya 3: Simu kwanza, ngazi baadaye

Bandika ndani ya meza ya mapokezi orodha ya ofisi zote, kila moja ikiwa na watu wawili wa kupigiwa. Simu ya kitochi yenye kifurushi cha dakika inatosha. Simu isipopokelewa, mgeni anasubiri. Kwa hiyo weka benchi kivulini na maji ya kunywa. Jua la Dodoma la saa nane si la kumsimamishia mtu nje.

Hatua ya 4: Mpe mlinzi maneno na mgongo

Hapa ndipo utaratibu huvunjika. Kijana wa getini anamwona mzee mwenye suti akishuka kwenye gari kubwa, anajiambia huyu ni mheshimiwa, anafungua. Miezi ya Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hofu hiyo huzidi. Kumbe suti mtu yeyote anaweza kuvaa.

Fundisha maneno yenye adabu, yarudiwe mpaka yazoeleke: "Shikamoo mzee, karibu sana. Unamfuata nani, nimjulishe kwamba umefika?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, maana anaelezwa kuwa anatangazwa kwa mwenyeji wake. Akija juu, mlinzi asibishane. Apige simu kwa mwenyeji ashuke kumchukua.

Kisha andika barua fupi, mwenye jengo aitie saini, ibandikwe mapokezini: wageni wote wanaandikwa, wakiwemo ndugu na marafiki wa mwenye jengo. Mlinzi akigombezwa kwa kufuata barua hiyo, msimamie hadharani. Ukimwacha peke yake siku moja, kesho yake geti liko wazi.

Hatua ya 5: Kadi

Chapisha kadi zenye namba steshenari, zilaminishwe, zitiwe kamba ya shingoni. Kila ghorofa iwe na rangi yake, ili mwenye kadi ya ghorofa ya kwanza akionekana ya tatu aulizwe. Kadi isiporudishwa, namba yake ifutwe.

Hatua ya 6: Mafundi na wanaoleta mizigo

Fundi wa kiyoyozi au wa mabomba asiingie kwa kusema tu "nimeitwa". Aliyemwita ashuke, na vifaa vyake viandikwe akiingia na akitoka. Bodaboda wa chakula na vifurushi anaishia mapokezi.

Hatua ya 7: Kufunga siku

Jioni mlinzi ahesabu kadi na kutazama nani hana saa ya kutoka, kisha apande kumtafuta kabla ya kufunga. Moto ukitokea mchana, akishapiga 114 kuwaita Zimamoto, atoke na daftari hilo mpaka mnapokusanyika, aite majina.

Kila mwisho wa mwezi mimi hupitia kurasa na wapangaji. Ofisi yenye msururu mkubwa wa wageni huombwa ilete mtu wake mapokezini kwa siku zake za msongamano, na nyingi hukubali.