Kobe wa maji wakianza kung'atana kwenye tangi
Ukiona mmoja anamng'ata mwenzie mkia au miguu usisubiri eti watazoeana, mtoe huyo mkorofi saa hiyohiyo muweke kwenye beseni lingine, aliyeumia msafishe kidonda na iodini iliyochanganywa na maji, akae pakavu masaa kadhaa, na kama kimeingia ndani nenda kwa daktari wa mifugo. Kwa hawa kobe wa masikio mekundu (aina yenye mstari mwekundu nyuma ya jicho), dume akipepea zile kucha ndefu usoni kwa jike anatongoza tu, ila akimsumbua kutwa jike anaacha kula. Madume wawili? Mi ningewatenga jumla. Mara nyingi wanagombana kwa sababu tangi ndo dogo, piga hesabu ya kama lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa gamba, sehemu za kuota joto ziwe mbili, na kila mtu ale kivyake.