Kabla ya Kutaja Bei Kwenye Mnada wa Nyumba

Tangazo la mnada wa nyumba huwa fupi: mtaa, namba ya kiwanja, siku, saa na simu ya dalali. Sheria ya Tanzania inataka ardhi isiuzwe mnadani kabla tangazo halijakaa hadharani kwa siku zisizopungua 14, na siku hizo ndizo mnunuzi anazopaswa kuzitumia kuchunguza, maana nyundo ikishagonga muda wa kuuliza umekwisha.

Kwanza ujue anayeuza anauza kwa mamlaka gani. Benki huuza nyumba iliyowekwa rehani kwa kufuata Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, baada ya kumpa mkopaji notisi ya siku 60. Dalali wa mahakama huuza kwa amri ya kukazia hukumu, yaani mali ya aliyeshindwa kesi inauzwa ili alipe anachodaiwa. Tofauti hii inagusa mfuko moja kwa moja. Katika mauzo ya mahakama, mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15, na akishindwa anaweza kuipoteza amana yake, kwa hiyo anayetegemea mkopo ambao bado haujaidhinishwa ni heri abaki mtazamaji.

Kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, rehani au zuio lililosajiliwa, na miaka iliyobaki, kwa kuwa hati hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99. Nyumba isiyo na hati, yenye leseni ya makazi au karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu hukupeleka kwanza manispaa na kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama ni nyumba ya ndoa, uliza kama mwenza aliridhia rehani, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, na mke ambaye hakushirikishwa anaweza kuusimamisha mnada mahakamani hata siku moja kabla.

Nyumba yenyewe uikague kwa macho yako, ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa. Mara nyingi hutafunguliwa mlango, lakini ukuta wa nje unasema mengi: maeneo ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako hufurika, tafuta mstari wa tope uliokauka juu ya msingi, na utilie shaka rangi mpya iliyopakwa kimo cha goti tu. Kando ya barabara kuu angalia alama ya X, inayowekwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya hawajasahau bomoabomoa ya 2017 katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara.

Ukiwa hapo, msalimie mjumbe na umuulize nani anaishi ndani. Huenda ni mdaiwa mwenyewe, au mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima, na asiyetaka kutoka huondolewa kwa amri ya mahakama, si kwa vijana wa kukodi. Gharama hiyo, pamoja na kodi ya ardhi inayodaiwa na bili ya maji, iondoe kwenye bei yako ya mwisho kabla hujaondoka nyumbani.

Malipo yapitie akaunti iliyotajwa kwenye masharti ya mnada, kwa risiti. Katika mauzo ya mahakama mdaiwa ana siku 30 za kuomba mnada utenguliwe, kwa hiyo fundi rangi naye asubiri.