Jinsi ya Kuutembelea Mji wa Cusco kwa Siku Moja Pamoja na Mwongoza Watalii

Cusco, uliokuwa mji mkuu wa dola ya Wainka, uko katika milima ya Andes nchini Peru, karibu mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atauelewa mwinuko huo, kwani unakaribia ule wa kituo cha Horombo. Ila mpanda mlima hufika Horombo kwa siku mbili, ilhali mgeni wa Cusco hushuka kwenye ndege akiwa tayari yuko juu. Kwa hiyo usipange ziara siku ile ile unayofika. Pumzika, kunywa maji, kula chakula chepesi. Chai ya majani ya koka utakayokaribishwa ni kinywaji cha kawaida cha wenyeji, lakini usiyabebe majani hayo unaporudi nyumbani, maana katika nchi nyingi ni marufuku.

Tafuta mwongoza watalii mwenye kitambulisho rasmi, na mpatane mapema kuhusu lugha, muda na malipo, pamoja na viingilio, kwa sababu tiketi ya pamoja ya watalii inayokuingiza Sacsayhuamán, ngome ya Wainka iliyo juu ya mji, haikuingizi katika Kanisa Kuu wala katika hekalu la Qorikancha. Ukiweza kuchagua, mchague aliyekua akizungumza Kikechua, kwa kuwa majina mengi ya mahali mtakapopita yametoka katika lugha hiyo.

Ziara nyingi huanzia uwanjani katikati ya mji na kupanda baadaye. Mimi nashauri kinyume chake: pandeni kwa teksi asubuhi hadi Sacsayhuamán, kisha mshuke kwa miguu, ili mapafu yasiteseke na akili ibaki kwenye yale unayoyaona.

Huko juu zipo kuta tatu zinazokwenda kwa zigizagi, zenye mawe ambayo makubwa yake hukadiriwa kuzidi tani 100, yaliyochongwa na kushikamanishwa bila chokaa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe viungo vya mawe hayo kwa karibu, akusimulie mapigano ya mwaka 1536, mfalme Manco Inka alipojaribu kuurudisha mji kutoka kwa Wahispania hadi mikononi mwa watu wake, halafu akuonyeshe pia pale palipobaki patupu. Wahispania waliyabomoa majengo ya juu na kuyachukua mawe kujengea makanisa na nyumba zao huko chini, kwa hiyo unaposhuka unayafuata mawe hayo hayo.

Shukeni kupitia mtaa wa San Blas, wenye mafundi wa kazi za mikono, hadi kichochoro cha Hatun Rumiyoc, lilipo jiwe mashuhuri lenye pembe 12. Litazame bila kuligusa. Mkifika uwanjani, kumbuka kwamba hapo ndipo Túpac Amaru II aliuawa mwaka 1781 baada ya kuongoza uasi dhidi ya utawala wa Kihispania. Ndani ya Kanisa Kuu, ulizia mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata: katikati ya meza amechora simbilisi, kitoweo cha Andes tangu kale. Chakula cha mchana kinapatikana kwa bei nafuu katika soko la San Pedro.

Qorikancha iwe ya mwisho, na uitengee muda mrefu kuliko pengine pote. Hili lilikuwa hekalu la jua, ambalo kuta zake zilifunikwa kwa mabamba ya dhahabu, mpaka mwaka 1533 yalipobanduliwa yawe sehemu ya fidia ya kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Wainka aliyetekwa na Wahispania. Baadaye watawa wa Kidominiko walijenga nyumba yao juu ya kuta hizo. Mwombe mwongozaji akueleze kwa nini kuta zimeinamia ndani kidogo, na kwa nini milango ni mipana chini na myembamba juu. Kisha tokeni hadi kwenye bustani iliyo chini, mgeuke na kutazama. Tetemeko la ardhi la mwaka 1950 liliiharibu vibaya nyumba ya watawa, lakini ukuta wa mviringo wa Wainka ulio chini yake ulibaki umesimama, na viungo vyake utaviona vimebana hadi leo.