Somo: Nyumba imeliwa na mchwa, ununue au uache?

Naulizwa hili kila mara, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

1. Nenda mchana. Beba tochi na bisibisi.

2. Zunguka nje ukitafuta vijia vya udongo vinavyopanda msingi.

3. Bomba linalovuja liandike. Mchwa wa ardhini wanafuata unyevu.

4. Panda darini. Hapa ndipo wanunuzi wanapopigwa. Muuzaji anakuonyesha fremu ya mlango iliyoliwa, anapunguza bei kidogo, mnaandikiana. Fremu si tatizo, inabadilishwa. Kinachobeba paa ni kenchi na boriti, na mchwa hula ndani kwa ndani wakaacha ganda la juu likiwa zima, hata rangi haipasuki. Usiamini macho. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mbao iliyoliwa inalia debe tupu. Kisha choma kwa ncha, hasa pale boriti inapokalia ukuta, maana huko ndiko wanakopandia. Ncha ikizama bila nguvu, jibu unalo. Nyumba imechakaa lakini dari lina rangi mbichi? Uliza kwa nini. Ukikatazwa kupanda, ondoka.

5. Fundi seremala au mhandisi apige hesabu ya ukarabati KABLA ya kukubaliana bei. Mtu wa dawa ya mchwa anajua wadudu. Uimara wa paa si kazi yake.

MASWALI

— Muuzaji anasema mchwa walishakufa. Ninunue?
Soma namba 4. Wafe wasife, boriti iliyoliwa haioti nyama.

— Mkuu, unatisha watu bure. Nyumba gani haina mchwa?
Sijasema usinunue. Nimesema panda darini.

— Nimekuta kijia kikavu. Nitajuaje kama bado wapo?
Swali zuri. Bomoa kipande cha katikati, acha ncha zote mbili, rudi baada ya siku chache. Kikizibwa, wapo. Kisipozibwa usishangilie, huenda wamehamia njia nyingine.

— Sakafu ni zege tupu, wataingilia wapi?
Ufa wa milimita 1 unawatosha. Angalia pia mabomba yanapopenya sakafu.

— Chini ya kabati kuna vumbi la mbao, ila udongo sioni popote.
Lishike, dada. Likiwa unga laini, mara nyingi ni bungua, mdudu mwingine anayetoboa mbao. Zikiwa punje ngumu, zitazame kwa lenzi: zenye pande sita ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Hao wanaishi humo humo kwenye mbao, kwa hiyo dawa ya kumwaga ardhini haiwafikii. Zifunge punje kwenye karatasi umwonyeshe mtu wa dawa kabla hajakutajia bei.