Kidude cha kupima uchafu wa maji, LED na LDR tu

Walimu wenzangu mliokuwa mnaniulizia kile kidude, haya leo nakimwaga. Kinapima maji yamechafuka kiasi gani, na sisi wa Mwanza maji ya kupima hatukosi, chota Capri Point, chota mto Mirongo mvua ikishakatika, chota Mwaloni Kirumba (kwa ndoo yenye kamba jamani, msiwaingize watoto ziwani, kichocho kipo).

Tafuta LED nyekundu (kile kitaa kidogo), rizista ya ohm 220, waya wa chaja ya simu, multimita, kichupa cha dawa cha kioo na LDR mbili (rizista zinazobadilika kufuata mwanga), mafundi redio wanazo. Boksi lolote dogo lipake nyeusi ndani, kichupa kikae wima kimebana, LED upande mmoja, LDR ya kwanza itazamane nayo. Chaja ni volti 5, LED inakula kama 2, zilizobaki zinaishia kwenye rizista, kwahiyo mkondo ni kama miliampia 14 na LED haiungui. Betri za tochi achana nazo, mimi nilianza nazo zikawa zinachoka taratibu, mchana maji yaleyale ya dukani yakasoma machafu kuliko asubuhi, darasa zima likanicheka.

Shika miguu ya LDR kwa waya za multimita, iweke kwenye ohm 20k, ikikuletea 1 peke yake panda 200k. Mwanga ukipungua ohm za LDR zinapanda, ndo hivyo tu.

Ila utamu uko kwenye LDR ya pili, hii iweke ubavuni, nyuzi 90 kutoka kwenye LED. Maji safi yakiwemo, hii inabaki karibu gizani, tope likiingia chembe zinatawanya mwanga na ohm za ubavuni zinashuka. Wape watoto maji ya tope na maji yenye wino wa bluu: ohm za LDR ya mbele zinapanda kwa yote mawili, za ubavuni zinashuka kwa tope tu, wino unameza mwanga hautawanyi. Hapo waache wabishane kwanza usiwaambie.

Kupata skeli, maji ya dukani nusu lita ndo sifuri yako, ongeza maziwa tone moja moja kwa bomba la sindano, kila tone soma, chora grafu.

Kichupa kiwe hichohicho siku zote, kifute alama za vidole, piga alama ya kalamu kiangalie upande mmoja, funika boksi, subiri sekunde kadhaa namba itulie. Na sampuli itikise kwanza, tope linatuama haraka kweli.