Gitaa Halivuti Pumzi: Kupanga Roki kwa Bendi ya Tarumbeta

Nilianza kupuliza yuforiamu, ile inayofanana na tuba ndogo, nikiwa na miaka 11, katika bendi ya kanisa Makadara, Nairobi. Siku hizi kila Jumamosi nafundisha vijana 14 katika ukumbi wa mtaa, Jericho. Wengi wanataka roki. Wananiletea karatasi waliyoitoa kwenye intaneti: "Mwalimu, tupige hii." Karatasi yenyewe imeandikiwa gitaa, na ukiipuliza jinsi ilivyo utawachosha watu kabla ya ubeti wa pili.

Vidole vinaweza kupiga nyuzi dakika sita mfululizo. Mpuliza tuba, lile pembe kubwa la besi, hana uwezo huo. Sekunde kumi za noti nzito na kifua chake ni kitupu. Kwa hiyo kabla ya kuandika noti hata moja, sikiliza wimbo na penseli mkononi, uweke alama kila mahali mtu atakapovuta pumzi. Pasipokuwepo mahali, patengeneze.

Anza na "Smoke on the Water" ya Deep Purple, ya 1972. Najua vijana watakuomba "Bohemian Rhapsody", hasa wakishajua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja. Wangu waliona fahari kubwa siku niliyowaambia. Lakini ule una karibu dakika sita, na katikati sauti zinapandana mno. Usubiri.

Huu wa Deep Purple uko kwenye G maina, na kile kifungu cha gitaa kila mtu anakijua. Kwa solfa ni: la do re, la do ma re, la do re do la. Hiyo "ma" ni mi iliyoshushwa nusu. Waliokulia kwaya wataiteleza waimbe mi, warudishe. Kipe tromboni mbili. Ya kwanza mkono unaosukuma mrija wake unakwenda nafasi ya 4, 1, 3 (ya 1 ni mrija ukiwa umerudishwa kabisa). Kisha 4, 1, 2, 3. Kisha 4, 1, 3, 1, 4. Ya pili inafuata hatua nne chini yake, ikianzia D, kwa sababu gitaa lenyewe linapiga noti mbili kwa pamoja.

Kwa nini tromboni? Bomba lake lina unene uleule sehemu kubwa ya urefu wake, na ukilipuliza kwa nguvu sauti inakwaruza, inakuwa na makali kama ya gitaa la umeme. Yuforiamu bomba lake linapanuka polepole, inabaki laini hata ukiikazia. Hiyo ipe sauti ya mwimbaji. Ukitaka makali zaidi, mwambie wa tromboni aimbe kooni huku akipuliza. Binti mmoja kwangu alihangaika na jambo hilo wiki tatu. Siku lilipomtoka, wenzake waliweka vyombo chini wakampigia makofi.

Besi ndiyo yenye kazi. Gitaa la besi linagonga noti moja bila kupumzika. Ukiwa na tuba mbili, zipokezane kila mapigo manane, mmoja akimalizia na mwingine akiwa ameshaingia. Ukiwa na moja, futa noti ya mwisho ya kila mapigo manane. Msikilizaji hatagundua, maana ngoma kubwa inaziba pengo.

Ngoma: mpe wa ngoma kubwa kazi ya mguu wa mpiga dramu, wa ngoma ndogo pigo la pili na la nne, na matoazi yanyamaze mpaka kiitikio.

Sasa ufunguo. Nyimbo nyingi za roki ziko kwenye E, kwa kuwa uzi mnene wa gitaa ni E. Tarumbeta ya B flati husoma toni moja juu ya sauti inayotoka, kwa hiyo E meja inageuka F shapu, yenye shapu sita. Ihamishe hadi F, tarumbeta isome G yenye shapu moja. Mwaka 2016, kwenye harusi Kayole, nilikataa kuhamisha nikiamini kwamba kubadilisha ufunguo ni kuukosea wimbo heshima. Tarumbeta tatu zilipotea kabla ya kiitikio, na bibi harusi alikuwa ameshaanza kutembea. Sijarudia.

Mazoezi ya Julai, asubuhi ya baridi, vyombo hushuka sauti. Vipulizeni hewa ya moto dakika tano ndipo mtafute sauti moja.

Kuhusu mwisho: kwenye rekodi wimbo unafifia tu, mtu akishusha sauti studioni. Bendi haina kitufe hicho. Fanyeni kinyume cha mwanzo, ambapo gitaa linaanza peke yake na wengine wanaingia mmoja mmoja. Atoke wa tuba, zitoke tarumbeta, ngoma ndogo inyamaze, zibaki tromboni mbili na kile kifungu, mara moja, bila kupunguza mwendo.